Alhamisi za Helmi

Senja Rautio alimkuta baba yake amesimama mbele ya ubao wa matangazo, kofia mkononi, theluji ya buti zake ikiyeyuka taratibu na kufanya kidimbwi sakafuni. Alikuwa anasoma mstari mmoja tu, na alikuwa amesimama pale muda mrefu kuliko mstari wenyewe ulivyostahili.

Jumapili hii: Elling Nordahl, fundi wa vinanda vya makanisa.

"Ni wewe uliyeandika hivi?" Mzee Urho aliuliza bila kugeuka.

"Ni mimi, Baba. Kazi ya kutafuta wazungumzaji ni yangu, huu mwaka wa sita."

"Kazi yako naijua. Naulizia akili yako."

Senja aliliweka kapu la mikate mezani. Mikate ilikuwa bado na joto, imesukwa kama nywele za msichana, na harufu ya iliki ilikuwa imeanza kuenea ukumbini. Alikuwa ameamka mapema kuioka, kwa kuwa mmoja kati ya hiyo ungekuwa zawadi ya mgeni. Hicho ndicho walichokuwa wakimpa kila mgeni aliyekuja kuzungumza: mkate mmoja, makofi, na kahawa. Nahodha mstaafu wa meli za madini alipewa mkate. Mama mfuga nyuki alipewa mkate. Daktari wa mifugo aliyezungumza juu ya kumlaza ng'ombe mgonjwa usingizi wa mwisho, watu wakalia, naye alipewa mkate.

Ukumbi wenyewe ulikuwa wa mbao, juu ya kilima cha Duluth, madirisha yake yakilitazama ziwa. Babu zao waliotoka Finland waliujenga kwa mikono yao. Miaka arobaini iliyopita Urho na wenzake sita, watu wasio na kanisa na wasiotaka kukaa majumbani peke yao, walianza kukutana humo kila Jumapili saa nne asubuhi. Waliimba, wakamsikiliza mgeni, wakamuuliza maswali, wakanywa kahawa. Sasa walikuwa karibu themanini. Wale sita walikuwa wamekwisha kufa wote. Urho peke yake ndiye aliyebaki, na ndiye aliyekuja kila Jumapili kabla ya watu kuwasha tanuri.

"Tumewahi kumleta hapa mchungaji mzima, Baba. Wewe mwenyewe ulimpa mkono."

"Mchungaji alikuja, akasema, akaenda zake. Huyu anataka kuondoka na binti yangu."

"Binti mwenyewe ana miaka thelathini na minane."

"Na akikuoa, atakuolea wapi?"

"Hatujafika huko."

"Mama yake amekwisha fika. Duluth si kubwa hivyo. Nasikia anasema mwanawe hawezi kufunga ndoa kwenye ukumbi wa kuchezea dansi."

Senja alitaka kucheka akashindwa. Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Bi Nordahl aliyasema mbele yake, huku akimmiminia chai kwa upole mkubwa.

Mwezi mmoja uliopita Elling alikuwa amemwomba amuoe. Hakupiga goti wala hakutoa pete. Walikuwa wanaosha vyombo, akasema, "Senja, ningependa tuzeeke tukifanya hivi." Naye Senja, mikono ikiwa ndani ya povu, alimjibu, "Baba akusikie kwanza. Aje akusikie ukizungumza, kisha nitakujibu." Aliamini kwamba hakuna mtu aliyeweza kumsikia Elling akizungumza juu ya kazi yake kisha akamchukia.

"Msikilize tu," alisema sasa. "Dakika ishirini. Usimpende, msikilize."

Mzee Urho aligeuka hatimaye. Uso wake haukuwa na hasira aliyoitarajia Senja. Ulikuwa umechoka.

"Helmi, mama yako, aliniacha kabla hajafa," alisema.

"Baba, unasema nini?"

"Tulipomzika nilirudi nyumbani nikatungua koti lake, lile la kijivu. Mfukoni nikakuta karatasi ya ibada ya kanisa. Lile lenye mlango wa bluu. Ya wiki tatu tu kabla hajalazwa."

"Labda aliiokota mahali."

"Nyuma yake kaandika mistari ya Biblia, herufi na namba. Kwa mkono wake, kwa penseli. Mistari mingi." Alikunja kofia, akaikunjua. "Miaka thelathini na minne nililala naye kitanda kimoja. Sikuwahi kumzuia kwenda popote. Akaona afadhali aende kwa siri. Miaka tisa sijamwambia mtu, nakwambia wewe leo ili ujue kwa nini siwezi kumtazama yule mtu wako akitoka kwenye milango ile na kuingia kwenye wangu."

Senja alinyoosha mkono amguse, lakini mzee alikuwa amekwisha kushika njia ya chini kwenye tanuri.

*

Elling aliingia kupitia mlango wa jikoni, akiwa amekumbatia bomba la bati lililofungwa kwenye blanketi, kama mtu aliyebeba mtoto. Alikuwa mrefu, mwenye mabega yaliyoinama kidogo kwa kupitisha maisha yake yote ndani ya visanduku vya vinanda. Alipomwona Senja alisimama tu, akamtazama. Alikuwa na namna hiyo ya kutazama, bila haraka, kama anayesikiliza. Ndiyo iliyomponza Senja tangu siku ya kwanza, Agosti, alipomwomba aje kuzungumza ukumbini, naye akakataa. Alikataa mara tatu. Mara ya tatu alikataa wakiwa mezani wanakula samaki, na saa nne nzima zikapita bila mmoja wao kukumbuka kuaga.

"Umelia," alisema.

"Bado. Njoo ukae."

Alimmiminia kahawa, akamweleza kwa sauti ya chini aliyoyasikia kwa baba yake. Alimweleza ili asije akauchukulia vibaya uso wa mzee pale mbele. Alipofika kwenye karatasi ya ibada, Elling aliweka kikombe chini bila kunywa.

"Kanisa gani?"

"Lenye mlango wa bluu. Kwa nini?"

"Mistari ya Biblia? Alisema mistari ya Biblia?"

"Ndivyo alivyosema. Elling, uso umekupauka."

"Senja, nipe dakika tano. Twende nje, nipe dakika tano tu."

Mlango wa ukumbini ukafunguliwa na Verna akatokeza kichwa. Verna alikuwa msimamizi wa kahawa, mjane wa miaka sabini, na hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno.

"Fundi, watu wamekaa. Mabusu yana wakati wake, na ukumbi huu una saa yake."

"Bi Verna, dakika tano."

"Hata moja. Nyimbo zimekwisha, na wewe ndiye wimbo unaofuata." Akamshika mkono na kumvuta, na Elling akaenda, akigeuka kumtazama Senja mara mbili kabla ya kupotea mlangoni. Katika macho yake Senja aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona humo. Ilikuwa hofu.

*

Alizungumza vizuri, ingawa sauti yake ilianza chini. Aliwaonyesha bomba. Akalipuliza, na sauti moja nene, laini, ikaujaza ukumbi mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka. Aliwaambia kwamba kinanda kikubwa kina mabomba elfu mbili, mengine marefu kuliko nyumba, mengine madogo kuliko kidole cha mwisho, na kila moja huharibika kwa namna yake. Baridi huyashusha sauti, joto huyapandisha. Aliwaambia kwamba hakuna fundi awezaye kufanya kazi ile peke yake.

"Mimi niko ndani, gizani, katikati ya mabomba. Sioni kitu. Mtu mwingine amekaa nje kwenye kiti, anabonyeza sauti moja na kuishikilia. Nikimaliza naita, 'Inayofuata,' naye anasogea. Siku nzima hatuonani. Tunajuana kwa subira tu."

Senja alikuwa amekaa safu ya tatu. Alikuwa anaipenda sauti ile, na kwa muda alisahau hofu aliyoiona. Baba yake alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango, mikono kifuani.

Makofi yalipokwisha, maswali yakaanza. Verna aliuliza la kwanza, kama kawaida yake.

"Wewe mwenyewe unaamini, fundi, au unafunga mabomba tu?"

"Siku nyingine naamini," Elling alisema. "Siku nyingine naamini mabomba."

Watu walicheka kwa upole. Kisha kiti kimoja kikasogea, na kicheko kikakatika, kwa sababu Mzee Urho alikuwa amesimama, na watu wengi humo hawakukumbuka lini mara ya mwisho aliuliza swali.

"Wewe unaishi ndani ya makanisa kwa siku za kazi, wakati hakuna watu," alisema. "Nieleze. Mtu anayekaribia kufa, ambaye maisha yake yote hakuwa na habari na mahali pale, anafuata nini huko, kwa kuwaficha watu wake?"

Elling alimtazama. Kisha akamtazama Senja.

"Mzee Rautio, nakuomba nikujibu nje. Wewe na Senja."

"Katika ukumbi huu swali huulizwa ndani na hujibiwa ndani. Ndivyo tulivyoanza."

"Linaweza kukuumiza."

"Miaka tisa limeniuma. Jibu."

Elling aliliweka bomba juu ya meza, taratibu.

"Vuli moja, miaka tisa iliyopita, nilikuwa natengeneza kinanda cha kanisa lenye mlango wa bluu. Msaidizi wangu alikuwa amevunjika mguu, nikawa nafanya kazi peke yangu, nakimbia huku na huku. Akaingia mwanamke mmoja. Hakuwa muumini wa pale. Aliniuliza nahangaika nini, nikamwambia. Akavua koti, akakaa kwenye kiti, akasema, 'Nionyeshe pa kuanzia.' Lakini hakuhitaji kuonyeshwa. Mikono yake ilijua."



"Akawa anakuja kila Alhamisi. Mimi ndani, yeye nje. Kwa saa tatu, hata nne. Baadaye nilijua kwamba ni mgonjwa, kwa kuwa alikuwa anapumzika kila baada ya sauti kumi. Aliniambia kwamba alipokuwa msichana baba yake alikuwa na kinanda kidogo cha kukanyaga kwa miguu nyumbani, na yeye alikipiga kila siku mpaka alipoolewa."

"Sikumkataza," Mzee Urho alisema. Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Kilitoka kanisani, baba yake alipewa na kanisa. Lakini sikumkataza kukileta."

"Hata yeye alisema hivyo. Alisema, 'Hakunikataza. Alikitazama tu, nikakiacha.' Alisema bila uchungu, mzee. Na alisema nisimwambie mtu. 'Mume wangu akijua,' alisema, 'atadhani nimemwacha.'"

Mzee Urho alishika mgongo wa kiti cha mbele. Kwa mkono mwingine alitafuta pochi ndani ya koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi mpaka ikawa laini kama kitambaa. Alipita katikati ya viti, mguu mmoja baada ya mwingine, mpaka mbele.

"Na hii?"

Elling aliifunua. Senja, kutoka safu ya tatu, aliuona mwandiko wa mama yake, ile mistari midogo iliyolala upande.

"Ukurasa haukuwa na nafasi mbele, ndipo akageuza nyuma," Elling alisema. "Tulikuwa hatuna karatasi nyingine. Si Biblia, mzee. Hii herufi ni sauti, na hii namba ni safu ya bomba. Haya ni mabomba mabovu. Alikuwa anayaandika ili nisisahau."

"Alikuwa anasali huko?" Mzee aliuliza kwa sauti ndogo kabisa. "Nikiwa mbali. Alisali?"

"Sijui. Nilikuwa ndani, sikuweza kumwona. Wala sikuwahi kumuuliza."

Mzee aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyepewa kitu kizito akakipokea. Verna alikuwa amekwisha kusimama na kuwaambia watu kwamba kahawa iko tayari, ingawa haikuwa tayari. Na Senja alikuwa amekwisha kutoka nje.

*

Elling alimkuta kwenye ngazi, bila koti. Chini ya kilima barafu ya ziwa ilikuwa imeanza kupasuka, na upepo wa Aprili ulikuwa unaisukuma ikilia ufukweni. Alivua koti lake amvike, Senja akasogea pembeni.

"Ulijua lini?"

"Senja..."

"Nimekuuliza lini."

"Siku ya kwanza uliponikaribisha nyumbani. Nilipoinua macho kutoka kwenye supu nikaiona picha ukutani."

"Na ukaniuliza yule ni nani." Alimgeukia. Hakupaza sauti, na hilo lilimtisha Elling zaidi. "Nakumbuka kabisa. Uliniuliza, 'Yule ni nani?' Kama hukuwahi kumwona. Nikakujibu. Nikakusimulia mama yangu kuanzia mwanzo, na wewe ukakaa unaitikia kwa kichwa."

"Nilitaka kumsikia kutoka kwako."

"Usinidanganye. Si leo."

Elling alitazama chini. "Nilijificha," alisema. "Ni kweli. Niliona nimesimama kati ya ahadi na wewe, nikajificha."

"Mwanamke aliyekufa miaka tisa."

"Ndiyo maana. Aliye hai ningerudi kwake nikamwomba anifungue. Yeye ningemwomba wapi?"

"Ungemwomba mtoto wake." Sasa machozi yalikuwa yanamtoka, na aliyaacha. "Unajua nilikuwa wapi vuli ile? Nilikuwa Oregon, naanza kazi. Kila Jumapili nampigia simu, ananiambia yuko salama, mgongo tu unauma. Nilifika siku nne kabla. Siku nne, Elling, na hakuwa anaweza kusema. Nilikulilia juu ya hilo, wakati wa Krismasi, nimelala kifuani pako, nikakwambia kwamba sina kitu chake cha mwisho, hata sentensi moja. Na wewe ulikuwa nacho. Ulikuwa umelala hapo nacho, unanipapasa nywele."

Elling alikuwa ameshika koti mkononi, mkono wa koti unaburuta kwenye theluji.

"Usiku ule nilikaribia kusema," alisema. "Halafu nikafikiri, nikisema leo atajua kwamba nilinyamaza tangu Agosti. Kila siku niliyonyamaza ilifanya ya kesho kuwa ngumu. Sina utetezi zaidi ya huo. Nilikuwa naogopa kukupoteza."

"Basi umefanya lipi la kunibakisha?"

"Hakuna."

Senja alimtazama mtu yule aliyempenda, pua yake nyekundu kwa baridi, mikono yake mikubwa isiyojua pa kukaa, na akashangaa kwamba hasira haikuliondoa pendo, wala pendo halikuipunguza hasira. Vyote viwili vilikuwa vimekaa ndani yake kama wageni wasiosemeshana.

"Lile swali lako la mwezi jana," alianza.

"Sikuulizi leo."

"Vizuri. Kwa sababu leo ningesema hapana."

Mlango ulifunguka nyuma yao. Mzee Urho alitoka bila kofia, koti la Senja mkononi, mkate wa iliki kwapani. Alimvika binti yake koti, akamfunga kifungo cha juu kama alivyokuwa akimfanyia alipokuwa mdogo. Kisha akamsogelea Elling, karibu sana, na Senja akadhani atampiga.

"Mikono yake," mzee alisema. "Mwisho mwisho ilikuwa inatetemeka. Kijiko kilimshinda. Nilimlisha mimi."

"Ndiyo, mzee."

"Ilitetemeka na kule?"

"Akiwa amekaa tu, ilitetemeka. Akishika sauti, haikutetemeka."

Mzee Urho aliufungua mdomo kuvuta hewa ya baridi. Alitazama ziwa. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minane, na alikuwa amelia mbele ya watu mara moja tu, makaburini, lakini sasa alilia tena bila kuuficha uso.

"Nilikitazama tu," alisema. "Kinanda chenyewe kilikuwa kidogo hivi. Kingekaa pale karibu na dirisha."

Senja alimshika mkono. Mkono ulikuwa baridi kama chuma.

"Alhamisi ngapi?" mzee aliuliza.

"Kumi na moja."

"Unazikumbuka?"

"Zote."

"Basi utakuja nyumbani kwangu Jumapili kumi na moja. Kila Jumapili utanipa moja. Usizichanganye, usiniharakishie." Alimsukumia mkate kifuani. "Huu ni wako, umezungumza. Sijasema nakupenda. Na mama yako akitaka kujua unakula wapi Jumapili, mwambie unakula kwa wale wa ukumbi wa dansi."

"Nitamwambia, mzee."

"Na wewe," alimwambia Senja, "utakaa usikilize. Hata kama humtaki. Ni mama yako."

*

Jumapili ya kwanza, nyumbani kwa mzee, walikula supu ya samaki na viazi bila maneno mengi. Senja alikuwa amekaa mwisho wa meza, mbali, karibu na jiko. Alikuwa amemwekea Elling sahani kwa kuwa mgeni huwekewa sahani, na hakumtazama alipoiweka. Mzee Urho alimaliza supu, akafuta mdomo, akazima redio iliyokuwa inanong'ona juu ya kabati.

"Haya," alisema. "Ya kwanza."

Elling aliegemeza viwiko mezani.

"Ya kwanza mvua ilikuwa inanyesha. Nilisikia mlango. Nilitoka ndani ya kinanda nimejaa vumbi, nikamkuta katikati ya njia, amefunga kitambaa cha kijani kichwani..."

"Alisemaje?" Senja aliuliza. Sauti ilimtoka bila yeye kuiruhusu. "Usieleze. Sema kama alivyosema."

Elling alifikiri. Kisha akasema, polepole, akipunguza sauti na kuivuta kidogo mwishoni, kama mtu anayelitafuta bomba mahali lilipo:

"'Kama nakusumbua nifukuze, fundi. Ila nifukuze taratibu, maana magoti haya hayakimbii tena.'"

Mzee Urho alitoa sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio. Alikuwa Helmi kabisa. Ule mvuto wa mwisho wa sentensi, ule utani uliokuja wakati mtu hautarajii, hakuna ambaye angeweza kuubuni. Senja alifumba macho. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa mama yake alikuwa chumbani.

Alipoyafumbua, Elling alikuwa anamtazama, anangoja kujua kama ameumiza.

Hakuwa amemsamehe. Huenda Jumapili kumi zilizobaki zisingetosha. Alisimama, akachukua kiti chake kwa mgongo, akakivuta mpaka upande wa meza aliokaa Elling, akakaa. Hakumgusa.

"Endelea," alisema.